Hata Galileo Aliandika Saa ya Kwanza ya Usiku

Wasee, nimenyamaza wiki mbili. Leo siwezi.

Kuna video inazunguka, na nyinyi wenyewe mmenitumia zaidi ya mara kumi. Jamaa amesimama mbele ya ukuta mweupe, ameshika saa ya ukutani, anauliza: "Mshale uko kwa saba, wewe unasema saa moja. Nani alituroga?" Watu wanacheka. Komenti zimejaa: ndio maana Afrika haiendelei, ndio maana tunachelewa kila mahali, Kiswahili kitupilie mbali hiyo saa yake tufuate dunia. Mmoja akaandika ati saa ilivumbuliwa Ulaya, sisi tukaikopi vibaya, tukaishika miguu juu.

Hiyo ya mwisho ndiyo ilinikosesha usingizi. Kwanza si kweli. Pili, uongo huo umemgharimu mtu wa nyumbani kwetu.

Cucu wangu anaishi hapa Gatuanyaga, upande wa barabara ya Garissa, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi bila ukungu unaona Kilimambogo yote. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka jana alipata miadi ya kliniki ya macho. Hospitali siitaji jina, maana shida hii si yao peke yao. Ujumbe uliingia kwa simu yake, ile kabambe, na kwa sababu haoni maandishi akanipa nimsomee. Ulikuwa wa Kiswahili. Tarehe, halafu "saa 9:00". Basi. Hakuna asubuhi, hakuna alasiri. Mimi nilikuwa nimekesha nikihariri video. Nikamwambia kwa Kikuyu vile nimemsomea masaa tangu nikiwa mdogo: thaa kenda. Saa tisa.

Cucu si mtu wa kuchelewa. Saa saba unusu alikuwa kwa benchi, kitambaa kipya kichwani, kadi mkononi. Daktari alikuwa amemaliza foleni saa sita. Mhudumu akamwambia miadi yake ilikuwa saa tatu asubuhi, halafu akaongeza, watu wakisikia: "Nyinyi wazee na saa zenu za Kiafrika."

Akapewa tarehe nyingine, miezi minne mbele. Miezi minne ya kupapasa ukuta akienda choo usiku.

Najua kosa la kwanza ni langu. Ningeuliza. Ningepiga simu. Hilo nimelibeba na sijalitua. Lakini nataka uniambie, mtu wangu, nani alichelewa pale? Mwanamke aliyefika saa moja na nusu kabla ya wakati alioandikiwa kwa Kiswahili? Ama aliyeandika "saa" kwa Kiswahili halafu akabandika hesabu ya Kiingereza, akadhani amefanya kazi?

Kabla mniulize digrii yangu iko wapi: haipo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kusoma sikuacha. Na kwa hii mambo ya saa nimesoma mpaka nimekasirika. Kaa chini nikupeleke polepole.

Tuanze na jua, kwa sababu kila saa duniani ilianza na jua.

Gatuanyaga iko karibu digrii moja kusini mwa ikweta. Hapa kwetu tofauti kati ya siku ndefu kabisa ya mwaka na siku fupi kabisa haifiki dakika kumi. Mchana ni kama masaa kumi na mawili, usiku ni kama masaa kumi na mawili, Januari mpaka Desemba. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi, mwaka mzima. Sasa wewe ukiishi mahali kama hapa, ukitaka kuhesabu masaa, utaanzia wapi? Si utaanza jua likitoka? Saa moja imepita tangu mwanga: saa moja asubuhi. Masaa matatu: saa tatu. Jua kichwani: saa sita. Likizama, unaanza upya: saa moja ya usiku, saa mbili ya usiku. Mtoto anaelewa. Hata bila mshale wowote, anaelewa.

Sasa nenda London. Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Mchana haufiki masaa manane. Juni, mchana unapita masaa kumi na sita. Mtu wa huko akianza kuhesabu jua linapotoka, mwanzo wa hesabu yake unahama kila wiki. Ndio maana mwishowe walitafuta mahali pa kuanzia pasipohama, wakachagua katikati ya usiku, wakati hakuna mtu anaona chochote. Ni akili, sikatai. Lakini ni jibu la shida ya mtu anayeishi mbali na ikweta. Shida hiyo sisi hatuna. Kutuambia saa yetu ni mbovu kwa sababu haianzi usiku wa manane ni kama kumwambia mtu wa Mombasa nguo zake ni mbovu kwa sababu hazizuii theluji.

Na hapo ndipo inakuwa tamu. Hao Wazungu wenyewe hawakuanza na usiku wa manane.

Kwa karne nyingi Ulaya ilikuwa na masaa yasiyolingana. Waligawa mchana mara kumi na mbili, na usiku mara kumi na mbili, hata kama mchana ni mrefu namna gani. Kwa hivyo saa moja ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa moja ya baridi. Kisha, kuanzia karne ya 14, saa za mitambo zikapanda kwenye minara ya miji. Mtambo haujui kiangazi wala baridi, meno ya gurudumu ni yale yale, kwa hivyo masaa yakalazimika kulingana. Lakini mwanzo wa kuhesabu? Kila mji ulijiamulia.

Italia walihesabu masaa 24 kuanzia jua kuzama. Nenda Florence leo, ndani ya kanisa kuu kuna saa iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443, na mpaka sasa inahesabu kutoka machweo. Nenda Prague. Ile saa maarufu ya mnara ambayo watalii wanapiga picha, ya mwaka 1410, ina duara zima la masaa yanayohesabiwa kutoka machweo, kwa sababu hivyo ndivyo watu wa huko walivyosoma wakati. Prague hiyo hiyo ndiko Johannes Kepler alikuwa akipiga hesabu za njia za sayari, na kitabu chake kuhusu njia ya Mirihi kikatoka mwaka 1609. Mnajimu mkubwa hivyo, na dirishani kwake kuna mji unaohesabu kutoka jua kuzama. Hakuna aliyemwambia amerogwa.

Halafu kuna Nuremberg, Ujerumani. Hii ndiyo iliniondoa kwa kiti. Nuremberg walihesabu masaa ya mchana kuanzia jua kuchomoza, na masaa ya usiku kuanzia jua kuzama. Soma tena. Asubuhi wanaanza moja. Jioni wanaanza moja tena. Ni hesabu ya makanga wa steji ya Thika kabisa! Tofauti ni kwamba kule, kwa sababu ya umbali wao na ikweta, masaa ya mchana yalikuwa manane wakati wa baridi na kumi na sita wakati wa kiangazi, kwa hivyo walikuwa wakibadilisha hesabu mara nyingi kwa mwaka. Sisi tungewaonea huruma. Kwetu ni kumi na mbili kwa kumi na mbili, hakuna kubadilisha kitu.

Na unajua ni kitabu gani kilichapishwa katika mji huo wa Nuremberg mwaka 1543? Kile cha Copernicus, kilichosema dunia ndiyo inazunguka jua. Mchapishaji anaitwa Johannes Petreius. Kitabu kilichopindua anga lote la Ulaya kilitoka kwenye mji uliohesabu masaa kama Mswahili, kwa hivyo usiniambie hesabu hii ni ya watu wasiofikiria.

Haya, na Galileo. Usiku wa tarehe 7 Januari 1610, Padua, Galileo anaelekeza darubini yake kwa sayari ya Mshtarii, ile wengi tunaiita Jupita, na anaona vinyota vidogo kando yake. Ndio mwanzo wa kugundua miezi ya Jupita. Katika kitabu alichochapisha mwaka huo huo aliandika ilikuwa saa ngapi. Aliandika ilikuwa saa ya kwanza ya usiku. Hakumaanisha saa moja baada ya usiku wa manane. Alihesabu kutoka jua kuzama, kama Muitaliano yeyote wa wakati wake.

Saa moja ya usiku, wasee! Ile saa ambayo taarifa ya habari ya Kiswahili huanza kwa televisheni zetu. Ukimchukua Galileo umweke kwa kibanda cha chai Gatuanyaga, aulize ni saa ngapi, aambiwe ni saa moja usiku, ataelewa haraka kuliko huyo jamaa wa video.

Sasa mtu ataniambia: sawa, lakini baadaye waliendelea, wakaunda saa sahihi, sisi tukabaki. Acha tuangalie usahihi.

Mpaka katikati ya karne ya 17, saa nzuri ya mtambo ya Ulaya ilikuwa ikipotea kama robo saa kwa siku. Christiaan Huygens, Mholanzi, akaunda saa ya timazi mwaka 1656, ile yenye kitu kinachoning'inia na kubembea. Kosa likashuka kutoka dakika kumi na tano kwa siku mpaka sekunde chache. Kazi kubwa, namvulia kofia. Wafaransa wakaona hapa tumefika. Mwaka 1672 wakamtuma mtaalamu wao, Jean Richer, mpaka Cayenne, Amerika ya Kusini, kama digrii tano kaskazini mwa ikweta, akapime nyota kutoka huko. Akabeba saa ya timazi iliyorekebishwa vizuri kabisa Paris.

Saa ikafika karibu na ikweta ikaanza kuchelewa. Kama dakika mbili na nusu kila siku. Richer akalazimika kufupisha timazi ndipo iende sawa.

Kumbe saa haikuwa imeharibika. Dunia imevimba kidogo katikati, na pia inazunguka, kwa hivyo mvuto huku kwetu ni mdogo kidogo kuliko Paris, na timazi hubembea polepole. Isaac Newton alilitumia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1687 kuonyesha umbo la dunia. Yaani saa bora ya Ulaya ililetwa ikweta ikachelewa, na hakuna mtu aliyeisimanga ati ina saa za Kiafrika. Walisema: mahali ni tofauti, tuirekebishe ilingane na mahali. Heshima hiyo walipatia chuma. Cucu hakuipata.

Na kalenda? Wacha nipite haraka. Kalenda ya Ulaya ilikuwa imeteleza siku kumi mbali na jua. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akaagiza ziondolewe, kwa hivyo nchi zilizomtii zililala tarehe 4 Oktoba zikaamka tarehe 15. Uingereza ikakataa, sababu kubwa ikiwa kwamba agizo limetoka kwa Papa. Ilikaa na tarehe yake ya zamani mpaka 1752, ilipobidi iruke siku kumi na moja. Miaka 170 ya kuvuka bahari ndogo na kukuta tarehe tofauti! Hao ndio tunaambiwa daima walikuwa na saa moja na dunia.

Rudi sasa nyumbani, Pwani.

Aprili 1498, Vasco da Gama anafika Malindi. Amezunguka Afrika yote lakini njia ya Bahari ya Hindi haijui. Mtawala wa Malindi anampa rubani wa bahari. Mwandishi Mreno wa karne iliyofuata, João de Barros, anasimulia kwamba da Gama alimwonyesha huyo rubani astrolabu, chombo cha kupimia urefu wa jua na nyota. Alitarajia mshangao. Rubani hakushangaa hata kidogo, akasema wenzake hupima jua na nyota kwa vyombo vyao wenyewe. Wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, India. Wanahistoria bado wanabishana huyo rubani alikuwa nani na wa kabila gani. Ninachosema ni kimoja: bandari ya Malindi ilikuwa mahali ambapo mtu wa kusoma nyota alipatikana kwa siku chache tu.

Na si mabaharia peke yao. Watu wa Pwani walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, wenye asili ya Uajemi, unaoanza na Nairuzi, na waliuhesabu kwa makumi ya siku, yale wanayoita miongo. Ndio uliowaambia lini pepo za kaskazi zinageuka kuwa kusi, lini upande, lini uanike jahazi. Makunduchi kule Unguja bado wanausherehekea kila Julai, Mwaka Kogwa. Kwa sababu hauna siku ya ziada ya mwaka mrefu, huteleza kidogo kidogo. Ndiyo, huteleza. Ule wa Ulaya pia uliteleza, nimekwambia, mpaka siku kumi. Na mkulima aliyetazama kilimia kikizama na kuzuka apate kujua mvua, huyo alikuwa akifanya unajimu. Hakuwa na darubini, na kwa kazi yake hakuihitaji.

Kwa hivyo ukisikia "Waafrika hawakuwa na wakati," jua unasikia mtu ambaye hakuuliza.

Basi hii saa ya sasa ilifikaje? Oktoba 1884, wajumbe wa mataifa zaidi ya ishirini walikutana Washington, wakachagua mstari wa Greenwich uwe mwanzo wa kuhesabu dunia. Kutoka sehemu yetu ya dunia hakuna aliyealikwa. Mwezi uliofuata, Novemba 1884, kikao kingine kikaanza Berlin, kile cha kugawana Afrika. Walianza na masaa, wakaja kwa ardhi. Reli ikaanza Mombasa 1896, ikafika Thika 1913, na pamoja na reli ikaja ratiba, kengele ya mashamba ya katani, na mnyapara wa kuandika nani amefika.

Na hiyo "saa sahihi" yao hapa Kenya? Serikali ya mkoloni iliibadilisha kama nguo. Kwanza saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikawa saa tatu. Haikukaa, ikarudishwa mbili na nusu. Halafu ikawa saa mbili na dakika arobaini na tano. Ni mpaka miaka ya 1940 ndipo ikatulia kwa saa tatu, na ndiyo tunatumia leo. Saa tatu mbele ya Greenwich ni saa ya mstari wa digrii 45 mashariki. Unajua huo mstari unapita karibu na mji gani? Mogadishu. Sisi Thika tuko digrii 37 na kidogo.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Jumamosi moja ya Aprili, katikati ya mvua na mvua, jua likatoka vizuri. Nikasimamisha fimbo ya mita moja kwa shamba la cucu, nikaweka simu irekodi kivuli. Kivuli hakikuwa kifupi kabisa saa sita kamili. Kilifika ufupi wake kama sentimita 19, kikielekea kusini, simu ikionyesha kitu kama saa sita na nusu. Nusu saa nzima. Cucu alikuwa amekaa mlangoni, haoni kivuli, ananiuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta saa sita. Akacheka, akasema saa sita huijua kwa utosi.

Yaani hata simu yako ni makubaliano. Kila saa ni makubaliano, ya Greenwich na ya Kiswahili. Swali ni moja tu: nani alikaa mezani wakikubaliana?

Sasa pingamizi zenu, nazijua.

"Saa ya Kiswahili ililetwa na Waarabu." Neno saa ni la Kiarabu, ndiyo, na kuanza siku jua linapozama ni jambo ambalo Waislamu wa Pwani wanalo mpaka leo. Mzee wa Lamu akikwambia usiku wa Ijumaa, anaweza kumaanisha ule unaouita Alhamisi usiku. Kwani Wazungu masaa 24 waliyatoa wapi? Misri na Babeli. Hakuna aliye na saa ambayo hakuazima. Na angalia nani anaihesabu hivi: Kikuyu kinasema thaa ithatu ikiwa ni saa tatu. Waganda wanahesabu hivyo hivyo. Waethiopia pia. Ni ukanda mzima wa watu ambao jua lao halihamihami.

"Dunia ni moja, ndege hairuki kwa saa ya Kiswahili." Kweli, na sijasema irukie. Tiketi yako iandikwe kwa Kiingereza, saa ya Kiingereza, hakuna shida. Sisi ni watu wa lugha tatu kabla ya chai. Mtu anayesema Kikuyu nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza ofisini hawezi kushindwa na kutoa sita. Kinachotuumiza ni mchanganyiko. Neno la Kiswahili, nambari ya Kiingereza, na mzee katikati anayelipa.

"Basi tufute moja, mkanganyiko uishe." Mbona inayofutwa ni yetu kila mara? Nambari ya pale kwa ujumbe wa cucu haikuwekwa na mzee wa Kiswahili. Iliwekwa na mtu aliyetafsiri neno akasahau kutafsiri wakati. Fundi akikata mbao vibaya, hatuchomi msitu.

Na wacha nijitaje pia, kabla mtu achimbue. Niliporudi kwa ukurasa wangu nilipata mabango yangu mwenyewe: "Tukutane leo saa 8:00 usiku." Mimi huyu! Nilikuwa namaanisha saa mbili. Aliyesoma Kiswahili kama Kiswahili angeamka saa nane usiku anitafute hewani. Nimeyarekebisha yote, moja moja. Ilinichukua jioni moja.

Kwa hivyo naomba kitu kidogo, na naomba kwa sauti kubwa.

Ukiandika neno "saa", hesabu iwe ya Kiswahili na useme ni asubuhi, mchana, jioni ama usiku. Saa tatu asubuhi. Ukiogopa mtu atakosea, ongeza nambari za simu kando: saa tatu asubuhi, yaani 9:00 kwa simu. Maneno mawili zaidi. Hospitali, shule, kanisa, chama, mwenye programu ya simu anayejigamba ati imetafsiriwa kwa Kiswahili: kama umetafsiri "Karibu" na "Endelea" na hukutafsiri saa, hujamaliza kazi. Walimu, msifundishe saa ya Kiswahili kama kituko cha mtihani wa darasa la nne. Fundisheni kwa nini iko hivyo. Pelekeni watoto nje na fimbo. Waambieni Galileo.

Na wewe wa ile video, sikutukani. Umefanya watu wacheke, ni kazi kama yangu. Lakini umecheka kitu ambacho hukukijua, na kuna mtu mahali aliyesomewa ujumbe kama ule wa kwetu.

Cucu anarudi kliniki wiki ijayo. Ujumbe umekuja tena. Bado umeandikwa "saa 9:00", hawajabadilisha hata nukta. Safari hii nilipiga simu, nikasubiri kwa laini dakika kumi na mbili, nikauliza. Ni asubuhi. Nimemwambia: thaa ithatu, cucu, saa tatu. Amenirudishia mara mbili kuhakikisha, halafu akaniambia tutatoka hapa saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu hataki tena kuambiwa amechelewa.

Nipe kwa komenti: ni bango gani, ujumbe gani, tangazo gani la Kiswahili umeona lenye saa ya Kiingereza? Piga picha, ficha majina ya watu, nitumie. Nitazikusanya zote, kisha nitaziandikia hizo ofisi moja moja. Kwa Kiswahili.